Bei Kwanza, Kalamu Baadaye

Kauli inayowaumiza waandishi wetu kuliko uhaba wa wasomaji ni hii: "Wewe andika kwanza, habari ya malipo tutaongea." Hutamkwa kwa upole, mara nyingi na mtu unayemheshimu, na kwa kuwa umelelewa usitangulize fedha mbele ya watu, unaitikia. Mwezi unapita. Kazi imekamilika, imesifiwa, imetumika, nawe bado unapiga simu kuulizia kama mhasibu amerudi safarini.

Safu ya leo ni ya wale wanaotaka kuishi kwa kuandika na kusema: watunzi wa makala na hotuba, wafasiri, wakalimani, wahariri, washereheshaji, watoa mada. Nimewafundisha wengi wao na kuhariri kazi za wengi zaidi, na ninachokiamini ni hiki: mwenye kula kwa kalamu yake humzidi mwenzake kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza. Ufasaha wote wawili wanao.

Tusidanganyane kuhusu vitabu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha na mtumishi wa serikali karibu maisha yake yote ya kazi. Euphrase Kezilahabi alikuwa mhadhiri, Dar es Salaam kisha Botswana. Ken Walibora alikuwa mtangazaji wa televisheni na mhadhiri. Ben Mtobwa, aliyependwa mno kwa hadithi za upelelezi, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Majina makubwa ya fasihi yetu yalikula kwa kazi nyingine, na riwaya zao zikazaliwa kando ya kazi hizo. Kule Kenya mambo hubadilika ghafla kitabu kinapoteuliwa kutahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne, kama ilivyokuwa kwa "Kidagaa Kimemwozea" cha Walibora, na baadaye "Chozi la Heri" cha Assumpta Matei. Kwa miaka michache kila mtahiniwa nchini anakihitaji kitabu hicho. Kisha orodha inabadilishwa na mauzo yanashuka. Anayepata bahati hiyo aitumie kujenga, asiihesabu kuwa mshahara.

Fedha ya kila mwezi iko kwingine, na kwa Kiswahili milango imezidi kufunguka. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) iliingiza Kiswahili katika lugha zake rasmi mwaka 2019. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Maazimio hayo yanapendeza masikioni, lakini kwa mtu wa kazi uamuzi mzito zaidi ulitoka Dodoma mwaka 2021, pale sheria ya Tanzania iliporekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria, kanuni, mikataba na hukumu zilizokuwa zimeandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi zinahitaji watu wa kuzifasiri. Ongeza masharti ya mikopo ya benki, sera za bima, vikaratasi vya dawa, maelezo ya programu za simu, taarifa za mwaka za kampuni, hotuba za wakurugenzi, miongozo ya mafunzo ya mashirika. Hakuna atakayepewa tuzo kwa kuandika maelezo ya dawa ya minyoo, lakini kazi hizo hulipiwa, na hulipiwa kila mwaka.

Mteja wa kazi hizo anataka jambo moja litokee baada ya maandishi yako kusomwa: mgonjwa ameze dawa sawasawa, mkopaji ajue atalipa lini, mfanyakazi afuate utaratibu. Uliza mapema jambo hilo ni lipi. Tazama sentensi ya aina hii, ambayo hunijia mezani kila wiki: "Katika kuhakikisha kwamba huduma kwa wateja zinaendelea kuboreshwa, kampuni imekuwa ikifanya jitihada mbalimbali za kuwezesha upatikanaji wa majibu ya malalamiko kwa wakati." Maneno yote ni ya Kiswahili na sarufi yake haina kosa. Ila mteja wa kampuni hiyo akimaliza kuisoma hajui lolote jipya. Mwandishi anayelipwa anapiga simu kuuliza: majibu yatatoka baada ya muda gani? Kuanzia lini? Nani atajibu? Akipata majibu anaandika: "Kuanzia tarehe 1 Machi, ukileta malalamiko utajibiwa ndani ya saa 24. Usipojibiwa, piga simu kwa meneja wa tawi." Kazi ya kulipiwa hapo ilikuwa ile simu. Kuhangaika na "jitihada mbalimbali" kungechukua saa nzima na kusingemfaa mtu. Waandishi wengi wanaolalamika kwamba wateja hawathamini lugha wamekuwa wakiuza lugha peke yake, ilhali mteja alikuwa tayari kulipia kueleweka.

Sasa tuje kwenye umiliki, maana hapa ndipo waandishi wetu hupoteza mali bila kujua kuwa walikuwa nayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hakimiliki huanza pale kazi inapoumbwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi wa kusimama nao, ila si usajili unaoizaa haki. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2001, na muda wa ulinzi ni uleule. Lakini ndani ya sheria ya Kenya kuna kifungu ambacho kila mwandishi wa kujitegemea anayefanya kazi Nairobi au Mombasa anapaswa kukijua kwa moyo: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo.

Isome tena taratibu. Ukiagizwa makala, ukaandika, ukalipwa, na hamkuandikiana chochote, sheria inaanza kwa kudhani kwamba umeuza kila kitu. Aliyekuagiza anaweza kuigeuza makala kuwa kijitabu, kuisoma redioni, kuitafsiri, kuiuza kwa mwingine, na wewe ukaiona kwenye bango la barabarani kama mpita njia yeyote. Makubaliano ya mistari miwili yangebadilisha hali yote hiyo. Maneno "isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo" ndiyo sehemu ya sheria iliyoachwa wazi kwa ajili yako.

Kuruhusu matumizi ni kama kupangisha nyumba: mpangaji anaingia kwa muda na kwa shughuli mliyokubaliana, na nyumba inabaki yako. Kuhamisha hakimiliki ni kuiuza nyumba hiyo pamoja na kiwanja. Yote mawili ni halali, na wakati mwingine kuuza ndiko kunakofaa. Anayekuandikisha hotuba yake hataki jina lako lionekane wala hataki uichapishe baadaye. Muuzie yote, kwa bei ya kuuza yote. Tatizo ni kuuza kwa bei ya kodi ya mwezi mmoja.

Nitaonyesha barua moja ya bei, neno kwa neno, kwa sababu wanafunzi wangu huniomba mfano kuliko wanavyoomba nadharia. Chukua kwamba taasisi inataka makala kuhusu ufugaji wa samaki kwa ajili ya jarida lake (bei ni kwa shilingi za Tanzania):

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kunifikiria. Nimeelewa kwamba mnahitaji makala ya maneno 1,200 kuhusu ufugaji wa samaki kwa jarida lenu la robo ya pili. Bei yangu ni Sh 480,000, ikiwa ni pamoja na mahojiano na wafugaji wawili kwa simu na mzunguko mmoja wa marekebisho. Makala itatumika mara moja katika jarida la karatasi na nakala yake ya mtandaoni. Matumizi mengine tutakubaliana kwa maandishi. Naomba nusu ya malipo kabla ya kuanza, na nusu ndani ya siku 14 baada ya kuwakabidhi makala. Mkiridhia, naomba mnijibu kupitia barua pepe hii ili nianze Jumatatu na kuwakabidhi Ijumaa ya wiki itakayofuata."

Hakuna wakili aliyehusika hapo, na lugha ni ya adabu. Lakini kila sentensi ina kazi yake. "Nimeelewa kwamba mnahitaji" inazuia kazi kuvimba: wakija kutaka maneno 2,000 na picha, nyote wawili mnajua kwamba hiyo ni kazi nyingine. "Mzunguko mmoja wa marekebisho" unakuokoa na yale marekebisho yasiyoisha, ambapo mkurugenzi anasahihisha, kisha naibu wake anarudisha yaliyofutwa, kisha ofisa habari anaanza upya. Sentensi ya matumizi ndiyo inayokulinda chini ya kile kifungu cha Kenya. Na kuomba wajibu kwa maandishi kunakupa ushahidi. Wengi wetu tunapewa kazi kwa WhatsApp; basi barua hiyo itume hukohuko, na jibu la "sawa, endelea" ulihifadhi. Mkiongea kwa simu, ukikata tu andika: "Kama tulivyoongea sasa hivi..." kisha orodhesha mliyokubaliana.

Kuhusu nusu ya malipo kabla ya kazi, najua mtaniambia kwamba taasisi kubwa hazilipi kabla. Baadhi hazilipi, ni kweli, kwa sababu taratibu zao za manunuzi haziruhusu. Hao wape masharti mengine: hati ya kuagiza kazi iwe mkononi mwako kabla hujaanza, na kazi ndefu ilipwe kwa hatua. Lakini mteja binafsi, kampuni ndogo, mtu anayetaka kuandikiwa wasifu wa maisha yake, hao watoe nusu. Asiyeweza kutoa nusu leo hatakuwa na yote mwisho wa mwezi.

Je, Sh 480,000 imetoka wapi? Haikuokotwa. Mwandishi huyu wa mfano anahitaji Sh 1,800,000 kwa mwezi: kodi ya nyumba, chakula, ada ya mtoto, bando, umeme, akiba kidogo. Mwezi una siku za kazi kama 22, lakini hawezi kuziuza zote. Siku kadhaa huliwa na kutafuta wateja, kufuatilia malipo, kusoma na kukaa bila kazi. Tuseme anauza siku 10. Siku moja yake ni Sh 180,000. Makala ile itamchukua siku mbili na nusu, yaani Sh 450,000, na simu na bando ni Sh 30,000. Huo ndio mwisho wa kushuka. Chini ya hapo anamlipia mteja kazi ya mteja. Juu ya hapo bei hupanda kwa ugumu wa mada, haraka ya kazi na upana wa matumizi. Kaa na karatasi ufanye hesabu yako, kwa maisha yako na mji wako. Anayepanga bei kwa kusikiliza alichotoza mwenzake bila kujua mwenzake ana mshahara mahali pengine atashangaa kwa nini anafanya kazi usiku na mchana na hali haibadiliki.

Mteja akisema bei ni kubwa, punguza kazi usipunguze bei. "Kwa Sh 300,000 naweza kuwaandikia maneno 800 bila mahojiano, nikitumia taarifa mtakazonipa." Ukishusha bei kwa kazi ileile umemfundisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na hatakuamini tena.

Wafasiri wana hesabu yao ya pekee. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo matini ya Kiingereza ikifasiriwa kwa Kiswahili kwa kawaida hurudi na maneno machache kuliko ilivyokuja, hata kama kurasa hazikupungua. Mkikubaliana malipo kwa neno bila kusema neno la lugha ipi, mteja atahesabu yale machache. Andika wazi: kwa neno la matini chanzi. Kuna faida nyingine: hesabu ya chanzi inajulikana kabla hujaanza, hivyo bei kamili inaandikwa siku ya kwanza na hakuna wa kushtuka mwishoni. Na sasa kwa kuwa mashine zinafasiri, wateja wengi watakuletea tafsiri ya mashine wakisema "ni kupitia tu". Omba kurasa mbili uzione kwanza. Tafsiri ya mashine husomeka laini huku imebeba kosa la maana katikati, na kulitafuta kosa hilo sentensi kwa sentensi mara nyingine kunachukua muda kuliko kufasiri upya. Kazi hiyo toza kwa saa. Ukikubali robo ya bei kwa neno kwa kuwa "imeshafasiriwa", jina litakalolaumiwa dozi ikikosewa ni lako.

Kwa mwandishi wa kitabu swali ni moja: asilimia ya nini? Mkataba ukisema mrabaha wa asilimia 10, angalia ni ya bei ya dukani au ya fedha anayopokea mchapishaji. Kitabu cha Sh 10,000 kilichouzwa kwa duka kwa punguzo la asilimia 35 kinamwingizia mchapishaji Sh 6,500. Kwa bei ya dukani unapata Sh 1,000 kwa nakala, kwa mapato halisi unapata Sh 650. Wachapishaji waaminifu hutumia njia zote mbili, na sina ugomvi na ya pili maadamu imesemwa na asilimia imepandishwa kidogo. Ila dai taarifa ya mauzo kila mwaka iandikwe ndani ya mkataba, na dai kifungu kinachokurudishia haki zako kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe upya. Nimeona vitabu vizuri vimekufa makabatini kwa sababu mchapishaji alifunga ofisi na mwandishi hakuwa na karatasi ya kumrudishia kitabu chake.

Nimeandika mengi kuhusu maandishi. Kusema kuna kanuni hizohizo, ila mazoea yetu ni mabaya zaidi, maana watu wengi bado wanaona kuzungumza ni kipaji tu na kipaji hakilipiwi. Mtoa mada anaalikwa Arusha, anatayarisha siku nne, anasafiri siku nzima, anazungumza dakika 40, kisha anatia saini karatasi ya posho sawa na ya washiriki waliokuja kumsikiliza. Posho ni ya kula na kulala. Ada ya kutoa mada ni jambo lingine, na lazima uliulize wakati wa mwaliko, kabla jina lako halijachapwa kwenye ratiba. Uliza kwa utulivu: "Ada ya mtoa mada imepangwaje?" Wakikujibu kwamba hakuna bajeti, uamuzi ni wako. Zipo shughuli za kujitolea na mimi mwenyewe huziendea kwa moyo mweupe: shule, msiba, chama cha mtaani, vijana wanaoanza. Lakini mkutano wenye wadhamini, ukumbi wa hoteli na chakula cha mchana kwa watu 200 una fedha. Swali ni kama umewekwa kwenye bajeti hiyo.

Kuna jambo jipya ambalo wazungumzaji wengi hawajalizoea, nalo ni kamera. Mada uliyoitayarisha kwa mwaka mzima na ambayo ungeiuza mikoani inarekodiwa, na jioni iko YouTube. Nani atalipa kukuita Mwanza kusema yaleyale? Sema mapema kama unaruhusu kurekodiwa, sehemu ipi, na itawekwa wapi. Unaweza kuruhusu dakika tano za kutangaza shughuli yao, na zaidi ya hapo kwa bei yake.

Mkalimani asikubali kukaa peke yake kwenye kibanda siku nzima. Ukalimani wa papo kwa papo hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa akili ya mtu huchoka na makosa huanza kabla mwenyewe hajayasikia. Mwandaaji akisema bajeti ina mmoja, mweleze hivyohivyo: saa ya pili wageni wake watakuwa wanasikia nusu ya kinachosemwa. Dai pia hotuba na mada zitumwe siku mbili kabla. Mshereheshaji naye aandike muda. Sherehe zetu za Dar es Salaam kadi husema saa kumi na mbili jioni, bibi harusi huingia saa mbili, na ukumbi hufungwa baada ya saa sita usiku. Bei itaje saa za kazi na malipo ya kila saa inayozidi, na salio liwe limelipwa kabla ya siku yenyewe, maana baada ya sherehe kamati huvunjika na mweka hazina hapatikani.

Wanaoandika hotuba za wakubwa wana soko zuri ambalo halitangazwi. Kazi hupatikana kwa kunong'onezana, na hurudi kwa yule ambaye hotuba yake haikumwaibisha msemaji. Mambo mawili hapa yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni muda. Kwa kipimo ninachokitumia, Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu jukwaani huenda maneno kama 100 kwa dakika, kwa kuwa maneno yetu ni marefu na ukumbi hupiga makofi. Hotuba ya dakika 15 ni maneno 1,500, na humo itifaki imo. Orodha ya kuwatambua waheshimiwa inaweza kula dakika nne nzima, basi mshauri bosi wako awataje watatu wa juu na kuungana na wasemaji waliotangulia katika kuwatambua wengine. La pili ni tarakimu. Anayesoma karatasi akikutana na Sh 2,347,500,000 atasita, atahesabu koma, na ukumbi utaona. Mwandikie kwa maneno: "karibu bilioni mbili na milioni mia tatu na hamsini". Isome hotuba kwa sauti, mara mbili, umesimama. Pale pumzi inapokatika pana sentensi ndefu mno, na pale ulimi unapogonga pana neno ambalo halimo kinywani mwa mtu huyo. Kama bosi wako ni wa pwani na husema "ati" na "hebu", usimpe Kiswahili cha waraka.

Niseme jambo moja kwa vijana wa Kenya hasa. Kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo kumewalisha wengi, na najua wanaoifanya wana akili nzuri na mahitaji ya kweli. Bado nasema waiache. England iliharamisha biashara ya kuuza kazi hizo kwa wanafunzi wake kwa sheria ya mwaka 2022. Lakini zaidi ya sheria, kazi ile haijengi chochote unachoweza kumwonyesha mteja wa kesho. Miaka mitano ya kuandika kwa jina la mtu mwingine, kwa siri, kwa bei anayopanga dalali, inakuacha bila jina na bila mfano mmoja wa kazi. Uwezo huohuo wa kusoma haraka na kupanga hoja unahitajika kwenye taarifa za kampuni, maandiko ya miradi na uhariri, ambako jina lako linakua.

Na usiwe na mteja mmoja. Mwaka 2025 ulitufundisha hili kwa ukali. Januari, misaada ya Marekani kupitia USAID ilisimamishwa, na waandishi wa taarifa za miradi, wafasiri wa miongozo ya afya na wawezeshaji wa semina kote Afrika Mashariki wakaona mikataba imefutwa katikati ya kazi. Machi, Sauti ya Amerika ilinyamazishwa, pamoja na idhaa yake ya Kiswahili iliyokuwa hewani tangu miaka ya 1960. Hakuna aliyekosea kazi kati ya hao. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba mteja akifikia nusu ya mapato yako, wiki hiyohiyo anza kutafuta wengine, hata kama mnaelewana na analipa vizuri.

Kodi nitaipitia kwa kifupi. Tanzania na Kenya, taasisi ikikulipa ada ya huduma ya kitaalamu na wewe ni mkazi, itakata asilimia 5 kama kodi ya zuio. Dai hati ya makato hayo, kwa sababu fedha hiyo huhesabiwa kuwa umeshalipa unapopeleka ritani yako. Bila hati umelipa mara mbili. Kuwa na namba ya mlipakodi na ankara yenye tarehe, jina la kazi na siku ya mwisho ya kulipa. Kenya wateja wengi sasa hawatakupokea bila ankara ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya mapato wa ankara za kielektroniki. Mwandishi asiye na karatasi hizo huishia kupewa kazi ndogondogo za fedha taslimu, kwa kuwa taasisi haina namna ya kumwingiza kwenye vitabu vyake.

Mwisho nina ombi, na nalielekeza kwa waliotangulia. Vijana wanatoza bei za kujiumiza kwa sababu hawajui sisi tunatoza kiasi gani. Tumezoea kuficha, tukiona kutaja malipo ni kujisifu au ni kumpa mwenzako silaha ya kukupokonya mteja. Matokeo yake mteja ndiye mtu pekee anayejua bei za sokoni, na anazitumia dhidi yetu sote. Kijana akikuuliza ulilipwa kiasi gani kwa ile tafsiri, kwa ile hotuba, kwa ule usiku wa kusherehesha, mtajie kiasi kamili, mwonyeshe na barua uliyoandika. Akipanga bei yake vizuri, hutalazimika wewe kushusha ya kwako.